Moshi wa Dzamandzar

Mjukuu wangu Zaina,

Mungu akulinde huko Antananarivo kwenye baridi. Sisi hapa Mahajanga tu wazima. Baba yako amemaliza nyumba yake ya Amborovy, na watu wanakuja kuitazama tu. Mwanangu huyo, nimemzaa mwenyewe.

Umeniuliza kama ukubali kazi ya kufundisha Dzamandzar, maana wenzako wanasema mji umekufa tangu kiwanda cha sukari kifungwe. Mimi niliolewa huko enzi za Wafaransa. Miwa ilipokwisha, kiwanda kilizimwa hadi msimu mwingine, na babu yako akakaa bila kazi. Asubuhi moja nikafunga sanduku nirudi kwetu. Hata moto sikuwasha.

Jirani yangu Mama Hadija, Mngazija, akaingia na kaa la moto kwenye kifuu cha nazi.

"Bibi harusi, jiko lako halitoi moshi. Unaumwa au unaringa?"

Nikamwambia mji ndio unaoumwa, atazame bomba la moshi la kiwanda. Akacheka.

"Bomba lile limewahi kukupikia?"

Akapiga magoti, akapuliza moto wangu mpaka ukawaka. Sijaona tena mwanamke kama yule, na mimi mwenyewe si haba.

Sanduku nikalifungua. Baba yako alizaliwa mji huohuo.

Basi nenda kwanza ukakae siku chache. Asubuhi moja usiwashe jiko, ukae ndani kimya. Akibisha mtu kukuuliza, hamia.

Bibi yako anayejivunia wewe