Shamba la Mzee Ubaoni

Ekerenyo, Jumamosi

Mama yangu,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mvua huko Msambweni imeshika au bado mnatazama mawingu? Mimi mwili mzima, ila roho i mkononi. Leo kijiji chote kiko kanisani, maana Sabato ya huku ni Jumamosi, nje kimya, na begi langu liko mlangoni limefungwa. Usishtuke, nitakueleza.

Unakumbuka wazazi wa shule hii walinichukua muhula mmoja wa majaribio, nifundishe hesabu kidato cha tatu. Jana walikuja kukaa darasani wanitazame, kisha wakate shauri kama nibaki au nirudi. Mwenyekiti wao ni Mzee Nyakundi, ambaye shamba lake la chai linateremka mpaka mtoni, na wanawe watatu hawasemezani kwa sababu ya shamba hilo. Hayo ya wanawe, wallahi, sikuyajua.

Somo lilikuwa mlinganyo wa kipeo cha pili, ile kanuni ndefu yenye kipeuo ndani, inayowatoa wanafunzi wangu jasho. Nikaona niilainishe kwa utani wa kwetu. Nikaandika ubaoni: "Mzee Nyakundi amefariki. Ameacha shamba la mita za mraba elfu sita. Urefu unazidi upana kwa mita sabini. Tafuta upana, wanawe wagawane." Nikamgeukia mzee, nikacheka.

Hakucheka mtu. Mzee wa Msambweni angenijibu, "Ukinizika usisahau pilau." Hapa watu waliinamisha vichwa, mama mmoja akajiziba mdomo kwa leso, na mzee akashika fimbo akasimama. Mwalimu mkuu akaninong'oneza, "Umefanya nini, mwalimu? Huku hata mtoto wake wa kumzaa hawezi kutaja kifo chake na shamba lake pamoja. Utani huo ni wa mjukuu peke yake."

 Chaki ikanivunjikia mkononi, Mama.

Ndipo akainuka Kerubo, msichana ambaye muhula mzima hajanyoosha mkono. Kumbe ni mjukuu wa mzee. Akachukua kifutio, akafuta maneno yangu, akaandika: "Mzee Nyakundi yuko hai, anapima shamba lake." Mita akaziacha zilivyo.

"Sokoro," akamwambia babu yake kwa lugha yao ya heshima, kisha Kiswahili ili nami nielewe, "wewe hufi kabla ya harusi yangu. Kaa kwanza."

Mzee hakukaa. Kerubo akaendelea: upana ni x, urefu ni x jumlisha sabini, kwa hiyo

x² + 70x − 6000 = 0

Akaweka namba kwenye kanuni, asikosee hata alama moja:

x = (−70 ± √28900) ÷ 2

Kipeuo kikatoka 170. Majibu mawili, 50 na −120. Mama, mlinganyo ulikuwa ule ule, mzee akiwa hai au marehemu. Mimi ndiye niliyemuua bure!

"Na hiyo ya kutoa?" mzee akauliza.

"Hiyo tunatupa, sokoro. Shamba haliwezi kuwa na upana chini ya sufuri."

Akaguna, akatoka bila kuaga, na wazazi wakamfuata. Mimi nikarudi chumbani kufunga begi. Nikiikosa kazi hii nitarudi kukukalia hapo barazani, na Salimu mdogo wangu shule ndiyo basi.

Ngoja, mlango unabishwa.

Mama, alikuwa Kerubo, katumwa kutoka kanisani. Anasema: "Sokoro amesema ufungue begi, wamekubali ubaki. Na kesho uje nyumbani. Anataka shamba lipimwe mbele ya wanawe wote, na mgeni asiye na upande. Ncha moja ya kamba utashika wewe, ya pili atashika mwenyewe, maana yuko hai."

Begi nimelifungua, lakini hofu imezidi ya jana. Wana watatu wenye hasira, kila mmoja na panga lake la shambani, na mimi katikati na kamba. Kukataa siwezi, nitaenda.

Nisalimie Salimu, na bibi anayekukanda goti, na mjomba Bakari muuza madafu. Huyo mwambie utani alionifundisha abaki nao huko huko.

Barua hii naipiga picha nikutumie kwa simu sasa hivi, ili kesho ukiswali alfajiri, unitaje.

Mwanao mwoga,
Mwanasha