Uji Ndani ya Jagi la Umeme

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku kijijini Mbingu tu wazima. Dada yangu, bibi yako mkubwa, anakusalimu. Ameanza kuvuna mpunga. Najua rafiki zako huko Dodoma wanacheka ukisema una bibi aliyemaliza kidato cha nne juzi, lakini ukoo ndivyo ulivyotupanga.

Umeniuliza kwa nini niliacha kazi za ndani Ifakara. Sikuacha, nilifukuzwa.

Maji ya bomba ya mtaa ule yana chumvi. Sabuni haitoi povu, na kila ukichemsha, jagi la umeme linabaki na ukoko mweupe chini. Siku moja jagi likaungua. Baba mwenye nyumba alikwangua ukoko kwa kucha, akaniambia taratibu, "Pole, binti. Ni haya maji yetu."

Mkewe akaingia, akachungulia. "Wewe! Umepikia uji kwenye jagi langu?"

"Hapana, mama. Ni maji."

"Tangu lini maji yakaganda? Kumbe ndiyo maana mchele wangu hauishi kupungua!"

Nikamtazama baba. Akainamia simu yake. Jioni nilikuwa kwenye gari la Mlimba linalopita kwetu, narudi nyumbani.

Kuitwa mwizi kumeanza kupoa moyoni. Kunyamaza kwake bado kunaniuma, maana neno lake moja lingetosha.

Nasikia jagi jipya nalo limeanza kuwa jeupe ndani, na jikoni kuna binti mwingine. Hajui bado kwamba baba mwenye nyumba anajua.

Bibi yako mdogo,
Sesilia