Programu Uliyosema Iwekwe Kwanza

S.L.P. 318,
Kiganjo,
Nyeri.
9 Novemba 1993.

Mpendwa mwanangu Watiri,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu hapa Chaka. Mimi na mama yako mkubwa Monicah tu wazima, ila goti langu la kushoto lilinitabiria mvua na halikukosea: imenyesha tangu Jumatano, na mlima hatujauona. Wewe hujambo? Kile kikohozi kimekwisha? Tafadhali usikidharau katika baridi hiyo ya Halifax. Marehemu baba yako alianza hivyo hivyo.

Viazi vimetoa maua na ukungu haujavigusa. Tunashukuru.

Bahasha yako ilifika salama, na ndani yake disketi mbili, moja umeiandika "Programu", nyingine "Maneno ya Baba". Monicah alizifunga kwa kitambaa na kuziweka kabatini pamoja na vyeti vya ubatizo.

Unajua kwa nini nimeyangojea sana hayo maneno. Mimi nilikuwa kizuizini watu wetu walipokufa katika kile kijiji cha mtaro walimofungiwa na serikali ya Wazungu, mwaka wa 1954 na ule uliofuata. Ngatia, baba yako, ndiye aliyekuwepo, na ndiye aliyesaidia kuchimba. Daima alisema walikuwa kumi na saba. Sasa kanisa limekubali wasomwe majina yao kwenye ibada ya kumbukumbu tarehe 15 Januari, na mimi ndiye nitakayesoma. Nilifurahi sana uliposema kwamba alikutajia wote kabla ya kufariki huko kwako, nawe ukawaandika kwenye kompyuta ya kazini. Nilihuzunika uliposema kwamba umeiacha kazi hiyo, na kwamba nakala ni hii moja tu.

Sasa naomba unieleze, maana nimefikiri wiki nzima na bado sijui nilikosea wapi.

Uliandika, "Baba Mkubwa, wekeni programu kwanza, ndipo mfungue Maneno ya Baba." Nilielewa bila shida yoyote. Huku hakuna ibada isiyo na programu: wimbo, sala, wasifu, shukrani, chai. Nikaona umetupangia mambo yote kutoka ng'ambo, kama mtoto aliyelelewa vizuri, na kwamba majina yatasomwa baada ya hayo ya kwanza.

Jumanne iliyopita tulikwenda Nyeri mjini, kwenye chuo cha kompyuta kilicho juu ya duka la mbegu. Mwalimu wake ni Bwana Kahiga, mtu wa makamo, zamani alifundisha taipu. Aliisukuma ile ya programu ndani. Mashine ikakwaruza kidogo, kisha ikaandika swali la Kiingereza ambalo nililisoma kwa macho yangu: tuache, turudie, au tushindwe? Nimesoma vitabu vingi, Watiri, lakini sijawahi kuulizwa na kitu chochote kama ningependa kushindwa.

Bwana Kahiga akarudia mara tatu. Kisha akajaribu njia nyingine, akanigeukia.

"Mzee, inasema haijapangwa. Tuipange?"

"Programu?"

"Eeh, hii ya programu."

"Panga," nikamwambia. "Ibada ni Januari. Si ndiyo maana tumekuja?"

Akabonyeza. Baada ya dakika mbili akasema imepangika vizuri, sasa ni tupu kabisa.

Nilimuuliza tupu namna gani. Akanieleza, naye akianza kushikwa na wasiwasi, kwamba kwao kupanga disketi ni kuichora mistari mipya, kama kulima shamba upya pamoja na chochote kilichokuwa kimeota. Tena akaniambia programu si ratiba ya ibada. Ni kitu kinachoifundisha kompyuta kusoma ile disketi ya pili. Na hata tusingeipanga, isingekubali kuwekwa, kwa sababu ilitengenezwa kwa kompyuta za aina nyingine, zile zenye picha ya epo, lile tunda, na zake hapo zinatumia lugha tofauti.

"Ati lugha ingine?" nikasema. "Si imeingia?"

"Kuingia imeingia, mzee. Hata mimi naweza kuingia msikiti ya Nanyuki, lakini niambie niongoze sala!"

Monicah akasema, "Baba Theuri, umezika programu hata kabla ya ibada." Wanafunzi wote wakacheka. Mimi pia nilicheka, ingawa sikujua kama ni jambo la kuchekesha.

Bwana Kahiga akanyoosha mkono apewe ya pili. Niliitia mfukoni mwa koti. Alisema ataitazama tu, hataipanga, lakini akakiri kwamba mashine ingesema vile vile, kwamba haijapangwa, yaani haina kitu. Hapo ndipo ninapopotea. Kitabu hata mtu asiyejua kusoma anakiona kimeandikwa. Hii mashine, kwa kuwa haijui kusoma, inasema hakuna maandishi! Nilipotoka kizuizini mwaka wa 1958, karani alitazama rejista yake akaniambia kwamba kule juu ya Mweiga tulikozaliwa hakukuwa na mtu wa jina letu.

Bwana Kahiga amesikia kwamba Nairobi kompyuta za epo ziko, lakini hamjui mwenye nayo, na mimi sitaki tena kuulizwa maswali nisiyoyaelewa.

Kwa hiyo disketi naituma pamoja na barua hii, kwa rejista. Naogopa posta, lakini naogopa zaidi kidole cha mtu. Tafuta huko mashine ya aina yake, kisha uniandikie majina kwa mkono wako, kwa wino.

Kwa kuuliza akina mama wazee wa Kiganjo nimepata kumi na sita. Aliyebaki ni mtoto wa kike aliyezaliwa humo kijijini, binti wa kwanza wa Kihara. Kwa desturi yetu angeitwa jina la bibi yake, mama wa Kihara, basi angekuwa Murugi. Lakini hakuna anayekumbuka kama alikuwa amepewa jina. Sitaki kumsoma kwa kukisia. Kama Ngatia alimtaja, niandikie alivyomtaja. Kama hakumtaja, niandikie hivyo pia, nami siku hiyo nitasema, "na binti wa Kihara."

Theuri na mkewe wanakusalimu, na Monicah anasema ule uji hata kama huna hamu. Mungu wa baba zako akulinde katika nchi ya theluji, akupe watu wa kukujua jina.

Ni mimi ninayekupenda kama alivyokupenda yeye,

Baba Mkubwa,
Simeon Kingori.