Sita na Thumuni

Keko, Temeke
18 Agosti 1973

Kwa dada yangu mpenzi Mwajabu,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na lile goti lako limekubali tena kushuka ngazi. Mie hali yangu ni ya mgonjwa mchangamfu. Miguu imevimba, pumzi zinakatika nikipanda kitandani tu, na daktari ameniambia bila kuzungukazunguka kwamba moyo wangu umechoka na hautafika mbali. Usilie. Ninakula, ninacheka, na jana nilivaa kanzu mpya.

Najua mwanangu Mwishehe amekuandikia. Atakuwa amekwambia kwamba baba yake amepotewa na akili, kwamba mtu aliyefundisha hesabu miaka thelathini sasa hajui robo saba ni ngapi, na kwamba mwisho wa mwezi anakuja kunichukua nikakae kwake Tanga, nilindwe nisije nikapotea njia ya chooni. Nakuomba usimkubalie kabla hujaimaliza barua hii, maana neno lako ndilo analolisikia.

Aliyoyaona ni kweli. Alifika bila taarifa, akanikuta barazani na jirani yangu Tunu binti Kondo, mjane anayeuza maandazi. Kati yetu palikuwa na sahani, na kila andazi limekatwa vipande vinne. Tunu alinisogezea vipande saba, akaniuliza hayo ni maandazi mangapi. Nikamjibu saba. Akaniambia kwa upole, "Mzee Mwinjuma, vinne si vinafanya andazi zima? Haya, sasa vimebaki vingapi?" Nikakuna kichwa. Mwishehe akaweka sanduku lake chini, akaanza kulia palepale mbele ya wapita njia.

Dada, akili yangu iko mahali pake. Nilipohamia Keko hapakuwa na mtu aliyenijua. Mwaka juzi, serikali ilipotaka kila mtu mzima asiyejua kusoma na kuhesabu aende darasani, balozi wetu wa nyumba kumi, fundi seremala mmoja aitwaye Anselmo, alipita mlango kwa mlango akiuliza. Kabla ya kunifikia alikuwa mlangoni kwa Tunu. Nilimsikia Tunu akisema kusoma anajua kidogo, ila hesabu zinampiga chenga, na unga humwishia kabla maandazi ya wateja hayajatimia. Alikuwa akijicheka mwenyewe, na kicheko kile, dada, nilikuwa sijasikia mfano wake tangu mama Mwishehe alipotutoka. Balozi alipofika kwangu, nikaushangaa mdomo wangu ukisema kwamba hata mimi hesabu zinanipiga chenga.

Darasa lilikuwa ofisi ya tawi. Mwalimu wetu Filomena, binti aliyemaliza la saba juzijuzi, ni mkali kuliko mkaguzi yeyote aliyewahi kuingia darasani mwangu. Tulipofika kwenye namba mchanganyiko, zile zenye kizima na kipande kama mbili na robo, wengi walianza kuumwa tumbo. Mie nilibaki, nikawa nakosea. Kukosea ni kazi ngumu, kwa sababu mkono wenyewe unakimbilia jibu. Nikachagua kosa moja, lile nililolisahihisha kwa wino mwekundu maisha yangu yote: kuzidisha kizima kwa kizima na kipande kwa kipande, bila kwanza kugeuza vyote kuwa vipande. Siku moja Filomena aliuliza: ukikanda mara moja unatumia vibaba viwili na robo vya unga, ukikanda mara tatu na nusu, utatumia vingapi? Nikasimama nikasema sita na thumuni, yaani sita na sehemu moja ya nane.

Darasa zima likacheka. Albano, mchonga vinyago, akasema mzee huyu akitumwa sukari atarudi na karatasi yake tu. Tunu akamgeukia, akamwambia angoje kucheka mpaka apate jibu lake, maana lile alilolitoa yeye lilikuwa kumi na nne. Tangu hapo akaamua kunifundisha mwenyewe barazani, siku ambazo hatuna darasa, na akawa ananiita mwanafunzi wake. Hapo ndipo nilipobanwa. Ningemwambiaje kwamba maandazi yote yale aliyakata bure?

Lakini Mwishehe alipoondoka akiwa ameapa kurudi kunichukua, sikuwa na pa kujificha. Nikinyamaza, napelekwa Tanga. Nikisema, nampoteza Tunu. Jioni ile nikasema yote, kisha nikangoja chai inimwagikie.

Hakuacha kukata maandazi. Alisema amejua tangu siku ya sita na thumuni. Alirudi kwake akapima kwa unga wenyewe, ukakaribia vibaba vinane, ndipo akajiuliza mzee yule ile thumuni aliiokota wapi. Asiyejua hukosea ovyo kama Albano, alisema. Nusu ya robo kuwa thumuni, Filomena alikuwa hajatufundisha bado. Kosa langu lilikuwa limepigiwa hesabu.

Nikamuuliza mbona basi alihangaika nami mwaka mzima. Akasema kila nilipojifanya sielewi ilimbidi aeleze upya, na ni katika kueleza ndipo alipoelewa yeye. Siku hizi unga haumwishii. Halafu, bila kuinua macho, akaongeza kwamba hajapata kumwona mwanamume aliyekubali kuonekana mjinga mbele za watu ili tu akae karibu naye.

Sasa nikwambie habari ya ile kanzu. Jana, baada ya swala ya Ijumaa, nimemwoa Tunu. Daktari alivyosema nilimweleza kwanza, asije akasema nimemficha jambo la pili. Alinijibu kwamba hata robo ya andazi ni andazi. Anselmo ametuletea kitanda kifupi, miguu yangu isipate taabu. Filomena alikataa kutoa pongezi mpaka nisimame ubaoni nirudie mahesabu yote niliyoyakosea, na Albano akishangilia kila jibu.

Nakuomba mawili, wewe uliyenishika mkono kunipeleka shule. Mwambie Mwishehe asije na gari, aje na mkewe wale maandazi. Na siku utakapoletewa habari yangu, ukafika hapa ukamkuta mwanamke amekaa eda, usiulize huyu ni nani. Kaa karibu naye.

Nisalimie majirani wote wa Bagamoyo wanaonikumbuka. Tunu anakuamkia, shikamoo wifi.

Ni mimi mdogo wako mwenye akili zake,
Mwinjuma

Nyongeza, umwonyeshe Mwishehe: mbili na robo ni robo tisa, tatu na nusu ni nusu saba. Ukizidisha unapata thumuni sitini na tatu, yaani saba kamili na thumuni saba. Tunu amelikagua jibu, ameweka alama ya vema.