Shimo la Lemayani

Mjukuu wangu Mwanaidi,

Marahaba, shikamoo yako imefika. Huku Kabuku tu wazima, mguu wa bibi yako umepoa, na mahindi yameanza kubeba.

Umeniuliza, kwa kuwa huko chuoni mnasoma habari za madini, biashara ya vito ilipofunguliwa kwa kila mtu sisi tulipata nini. Wapo waliopata bati za nyumba. Mimi nakumbuka zaidi siku ya kuondoka.

Mashamba ya mkonge yalikuwa yamepunguza watu, tukaenda kuchimba porini Handeni. Jiwe la kwanza lilipotoka, kila mtu alisema shimo ni lake, hata aliyetuletea maji tu. Mawe yalipokwisha, wanunuzi wakahama, nasi tukafunga mizigo. Ndipo akapita Lemayani, mzee mfugaji, na ng'ombe wake. Kwao anayechimba kisima ndiye mwenyewe, na hukizungushia miiba ili ng'ombe wala mtoto asitumbukie.

"Shimo hili la nani?" akauliza.

Tulitazamana. Kila mtu akajitwika mzigo wake.

Lemayani hakugomba. Alichomoa sime, akaanza kukata miiba juani. Nikaweka mzigo chini, nikamsaidia. Wenzangu walikuwa wameshafika barabarani.

Mashimo ya kule ni mengi, mjukuu wangu, na karibu yote hayana jina. Lile moja, mpaka leo, watu huliita shimo la Lemayani, naye hakuchota hata beleshi moja la udongo wake.

Babu yako,
Athumani