Boti ya Mwenyekiti

Mjukuu wangu Zuhura,

Assalamu alaykum. Huku Amu tu wazima. Goti la bibi yako limepoa, jana alipanda ngazi peke yake.

Umeniuliza kuna ubaya gani, wewe karani wa mahakama, kupanda gari la chama kwenda kwenye kesi inayokihusu chama hicho, maadamu hakuna basi la kwenda huko. Nami nilikuwa karani, zama za chama kimoja. Mvuvi mmoja wa Kizingitini, Bwana Shee, alimshtaki mwenyekiti wa chama kwa kumnyang'anya nyavu alipokataa kununua kadi. Kesi ilisikizwa huko huko Kizingitini, na siku hiyo mwenyekiti alitupatia, mimi na hakimu, nafasi kwenye boti yake ya mashine. Hakimu alikataa, akasubiri mashua ya wavuvi. Mimi niliogopa kuchelewa, nikapanda. Njia nzima mwenyekiti hakutaja kesi. Tulizungumza mpira.

Kizingitini watu walijaa ufukweni, wakitutazama. Mwenyekiti alinishika mkono nishukie penye mchanga mkavu. Nilimsalimu Shee, hakuitikia.

Hakimu alifika baadaye, suruali imeloa hadi magotini. Nikaita jina la Shee mara tatu ndipo akasimama.

"Kesi sina tena," alisema.

"Kuna aliyekutisha?" hakimu akamuuliza.

"Hapana, Bwana Hakimu. Hakuna aliyenambia neno."

Alijibu huku akitazama viatu vyangu. Vilikuwa vikavu.

Mungu akuhifadhi. Ukifika, niandikie umefika na gari la nani.

Babu yako