Msimu wa Mkwe Wetu

Kilburn, London
Mwezi wa Mei

Baba Nanjala,

Pokea salamu zangu kabla ya jambo lolote. Mimi ni mzima, Nanjala ni mzima, na mjukuu wako ameota meno mawili ya chini na anauma kila anachopewa. Goti lako je? Katika barua yako umesema kwamba linaendelea, lakini hukusema kama linaendelea kupona au linaendelea kuuma. Niambie pia kama palizi ya mahindi imekwisha, na kama yule ng'ombe mwekundu amezaa. Uliniachia habari nusunusu, na mtu aliye mbali hula habari kama chakula.

Umeniuliza swali lile lile mara tatu katika kurasa mbili: je, mkwe wetu anafanya kazi, au bado anacheza? Nitakujibu, lakini nitakujibu kwa utaratibu, nawe usome kwa utaratibu. Usiruke hadi mwisho.

Kwanza ufahamu jinsi mambo yalivyokuwa. Raga huku sasa ni ajira. Mchezaji ana mkataba, ana saa ya kufika, na akichelewa huulizwa kama mwalimu anavyoulizwa na mkuu wa shule. Ligi yenyewe si ya Waingereza peke yao. Timu hutoka pia Wales, Scotland, Ireland na Ufaransa, nazo hutembeleana kuanzia Septemba hadi Mei. Klabu ilimchukua mkwe wetu kwa msimu mmoja tu, ili imtazame. Msimu ukiisha, wangembakiza au wangemwacha. Wakimwacha, kibali cha kuishi hapa kingekwisha, naye angerudi Bungoma na mke na mtoto mchanga, hali nafasi yake ya kazi kule benki ilikwisha kupewa mtu mwingine. Jambo hilo lilikaa nasi mezani miezi yote hii, hata tulipokuwa tukizungumza habari za nepi.

Najua pia kuna jambo unalojiuliza ingawa hukuliandika, nalo ni kama ninalala katika nyumba ya mkwe wangu. Silali, wala sikai naye chumba kimoja; adabu ya mkwe nimeishika hata huku. Nina chumba hapa Kilburn kwa mjane mmoja aitwaye Mama Furaha, mtu wa Bukavu, ambaye husafisha ofisi. Kiswahili chake ni cha kwao. Mwezi wa kwanza nilimsahihisha, mwezi wa pili nikanyamaza. Kila asubuhi mimi hupanda mabasi mawili kwenda kwa Nanjala, upande wa Kenton, nami hufika mkwe akiwa amekwisha kwenda mazoezini. Jioni anapokaribia kurudi, hupiga simu kutoka kibanda cha stesheni. Nanjala huniambia, "Mama, amefika stesheni," nami huchukua koti langu nikatoka, au mvua ikiwa kubwa huingia jikoni nikafunga mlango. Tumesalimiana kupitia mlango huo majira yote ya baridi.

"Hujambo, Mama?"

"Sijambo. Mmeshinda?"

"Tumefungwa, Mama."

"Kula."

Kwa kuwa hakuweza kuketi nami, aliniandikia. Kila mji waliokwenda kucheza, alinunua kadi yenye picha akaitia posta. Ninazo zote. Kutoka Wales aliandika: "Mama, mvua haijakoma tangu tushuke kwenye basi. Tumefungwa. Nilicheza dakika kumi." Kutoka Ufaransa: "Mama, watu wa hapa wanazomea hata upepo. Tumeshinda, na nimekula jibini inayonuka kama soksi." Mnamo Desemba ikaja kadi ya Ireland, yenye mwandiko kama wa mtoto wa darasa la kwanza: "Bega la kulia limeteguka. Usimwambie Nanjala kwamba nimeandika kwa mkono wa kushoto." Nilimwambia Nanjala siku hiyo hiyo. Mke ana haki ya kujua.

Tangu hapo hakucheza tena. Januari bega lilifungwa, Februari likafunguliwa, Machi akakaa benchi akitazama wenzake. Nilimsikia kupitia mlango ule akimwambia mkewe kwamba kocha hamwambii neno. Nanjala alianza kukunja nguo za mtoto na kuzipanga katika begi, kisha anazitoa, kisha anazipanga tena. Hatimaye kocha alisema. Mechi ya mwisho hapa London, dhidi ya timu ya Scotland, angepewa nafasi tangu mwanzo, na baada ya mechi hiyo wangeamua.

Sasa sikiliza. Klabu ile ina desturi yake. Katika mechi ya mwisho nyumbani, wazazi wa kila mchezaji huwekewa viti viwili mstari wa mbele, vyenye jina la mwana wao, na mechi ikiisha wachezaji huja ukingoni kuwasalimu. Mama yake mkwe wetu, kama ujuavyo, alifariki kijana akiwa kidato cha pili, na baba yake yuko huko kwenu.

"Viti vyake vitakuwa vitupu," Nanjala aliniambia. "Vya wenzake wote vimejaa, Mama. Vyake viwili tu."

"Wewe kaa hapo."

"Mimi nina kiti cha wake wa wachezaji, na mtoto. Hivyo ni vya wazazi."

Baba Nanjala, raga huchezwa kwa kaptura. Si kaptura ya heshima ya skauti, bali kitambaa kidogo kinachoishia juu ya paja. Tangu nifike nchi hii sijawahi kwenda uwanjani kwa sababu hiyo moja. Mama wa mke kumtazama mkwe wake mapaja wazi, tena akiangushwa matopeni jezi ikipanda mgongoni, ni jambo ambalo lingemfanya mama yangu augue. Sikukupigia simu kukuuliza, kwa kuwa nilijua ungekataa, nami nilitaka kukataa kuwe kwangu mwenyewe.

Nilimweleza Mama Furaha. Alicheka hadi akaketi.

"Mwalimu, shida yako iko macho tu. Acha miwani ku nyumba. Utaona rangi. Rangi haina mapaja."

Unaijua miwani yangu. Bila hiyo siwezi kutofautisha ng'ombe na kichaka. Nilifikiri siku mbili, nikaona kwamba shauri lake halina kasoro. Jumamosi ile niliiacha miwani juu ya kitanda, nikavaa gauni langu la Siku ya Walimu, lile la kijani, na Mama Furaha akanishika mkono hadi kiti kilichokuwa na jina la mkwe wetu. Kiti cha pili alikaa yeye.

Niliona mawingu mawili, jekundu na la bluu, yakigongana. Sauti ya kugongana kwao niliisikia vizuri kupita nilivyopenda. Mengine nilisimuliwa.

"Mutoto wenu anasimama tu pembeni. Habamupe mupira."

"Yeye hucheza pembeni. Ndiyo kazi yake."

"Basi ni kazi ya baridi." Kisha, baada ya muda mrefu: "Sasa bamemupa. Anakimbia. Anakimbia, Mwalimu. Mutu moja amemushika kaptura. Funga macho."

"Nimeyafunga."

"Ameponyoka. Fungua."

"Na kaptura?"

"Iko. Simama, Mwalimu, ameuweka mupira chini nyuma ya musitari. Ni alama!"

Nilikuwa nimekwisha kusimama kitambo, nikipiga makofi kuelekea upande wa pili wa uwanja. Mama Furaha alinishika mabega akanigeuza. Maelfu ya watu walikuwa wakiliita jina ambalo mimi, kama mama wa mkewe, sijawahi kulitamka. Sikulitamka hata hapo. Nilisema "mkwe wetu, mkwe wetu" kwa sauti ya chini, na mzee mmoja wa Kiingereza aliyekuwa kando yangu akanipa kitambaa cha kufutia macho, ingawa sikukiomba.

Walishinda kwa alama chache. Wachezaji wakaja ukingoni, na huko kote nikasikia akina mama wakiwabusu wana wao. Mtu mrefu, mwenye matope tangu kichwani hadi miguuni, akanijia. Nilidhani ni nahodha, au kocha, amekuja kumsalimu mgeni. Nikafanya kama nilivyofunzwa. Nikanyoosha mkono.

Mtu yule akasimama ghafla, hatua tano kutoka kwangu, akaweka mikono yake nyuma.

"Mama, usinipe mkono. Ni mimi."

Baba Nanjala, niliurudisha mkono kana kwamba nimeshika sufuria ya moto. Kosa lilikuwa langu, mimi niliyefundisha wengine adabu miaka thelathini. Yeye ndiye aliyekumbuka. Alikuwa ametoka kukimbia, kuangushwa na kushangiliwa, na bado alikumbuka. Akachukua koti refu la wachezaji wa akiba, akajifunga kiunoni kama shuka hadi likafika miguuni, akageuza uso pembeni, ndipo akanisalimu kwa lugha ya kwetu.

"Mulembe, Mama."

"Mulembe muno."

Mwenzake mmoja, Mwingereza asiye na shingo, alimuuliza kwa nini hamkumbatii mama yake siku kama hiyo.

"Si mama yangu. Ni mama wa mke wangu. Kwetu hatugusani, wala hatulali nyumba moja."

Yule mwenzake akafikiri, kisha akasema, "Niandikie anwani ya kwenu. Nitampeleka wangu."

Mkwe wetu alicheka, lakini hakusogea hata hatua moja. Alisimama hapo amejifunga lile koti mbele ya watu wote, hata kocha akapita, akamtazama, akanitazama, akavua kofia yake. Nimeona wanafunzi wangu wakiwa mahakimu na madaktari. Siku hizo nilifurahi. Siku hii nilijivuna, nami si mtu wa kujivuna, unanijua.

Jumanne iliyofuata nilikuwa jikoni, mlango umefungwa. Nilisikia ufunguo, kisha hatua zikaja hadi mlangoni kwangu zikakoma, nami nikazima jiko.

"Mama."

"Sema."

"Wamenibakiza."

"Kwa muda gani?"

"Misimu miwili."

Upande wa pili Nanjala alikuwa akilia, na mtoto akilia kwa kumwiga. Nilitaka kufungua mlango ule. Sikuufungua. Nilimwambia, "Kesho uwahi mazoezini, wasidhani umelewa sifa," naye akajibu, "Ndiyo, Mama." Begi la nguo za mtoto limerudi juu ya kabati, tena likiwa tupu.

Basi swali lako limejibiwa. Anafanya kazi. Anaifanya mvuani, akiwa na bega lililoteguka, katika nchi tano, na anaporudi husimama nyuma ya mlango akauliza hali yangu kabla hajavua viatu. Nitarudi nyumbani Agosti, mtoto akishazoea uji.

Mfikishie salamu dada yako mkubwa, umwambie kwamba dawa yake ya kifua nimeipata. Msalimu mdogo wangu Nasimiyu na wanawe, na mchungaji wetu, na mwalimu aliyeshika darasa langu. Mwambie asiwaache watoto wa mbele peke yao wajibu. Wasalimu majirani wa pande zote mbili, hata yule wa ugomvi wa kisima.

Salamu moja sitaki uitume kupitia mtu mwingine. Siku ya mahari, mbele ya wazee wa pande zote, ulimwambia baba yake mkwe wetu kwamba mwanawe ni mtu wa kucheza. Nilikuwa ndani, nikasikia, na nilisikia pia kwamba mzee yule hakujibu. Vaa koti lako. Kama goti halikuruhusu kutembea, kodi baiskeli ikubebe. Nenda kwake wewe mwenyewe, ukae, unywe chai yake, umwambie kwamba mwanawe ana kazi, na kwamba ni mimi niliyeshuhudia.

Mkeo,
Mama Nanjala